Kamera ndogo ya vumbi, baridi na maji ya chumvi: ninunue ipi?

Swali: Mimi ni dada wa Moshi. Wikiendi naendesha baiskeli barabara za vumbi, Septemba tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na mwisho wa mwaka tunakwenda Mafia kuogelea na papa potwe. Simu yangu ilikuwa inapiga picha nzuri, ila mwaka jana iliingia maji ya bahari, ikafanya kazi siku mbili, ya tatu ikazima moja kwa moja. Nina milioni moja na nusu. Nataka kamera ndogo ya kuingia mfukoni. Dukani wananipa yenye zumu mara 40, rafiki ananiambia GoPro, na mwingine anasema Sony ndogo ndiyo yenye picha safi. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, wote watatu wana hoja, lakini hakuna aliyekuuliza kamera hiyo itakuwa wapi siku ikiharibika. Wewe umeshasema: barabarani kwenye vumbi, Kibo saa kumi alfajiri, au majini Mafia. Kwa hiyo tuanze na vitu vitakavyoiua kamera, ndipo tuje kwenye uzuri wa picha.

Kwa fedha uliyo nayo, tafuta Olympus Tough TG-6 iliyotumika na kutunzwa. Ukiweza kuongeza, chukua OM System Tough TG-7 mpya. Majina mawili yasikuchanganye: Olympus ilikabidhi biashara yake ya kamera kwa kampuni nyingine Januari 2021, na sasa kamera zilezile zinauzwa kwa jina la OM System. TG-6 ilitoka 2019 na TG-7 ikafuata Oktoba 2023. Lenzi ni ileile, megapikseli ni zilezile 12, na betri ni ileile LI-92B. TG-7 imeongezewa tundu la chaji la USB-C, Bluetooth, kishikio kizuri zaidi na video ya kusimama wima. Picha ukiziweka mbili pembeni hutaona ipi ni ya ipi.

TG-7 ilipotoka ilitangazwa Marekani kwa dola 550. Ukiagiza nje, weka VAT ya 18% na usafirishaji, tayari umeivuka milioni moja na nusu, na bado hujanunua betri ya akiba wala kadi. Ndiyo maana naanza na TG-6. Usimalize fedha yote kwenye kamera. Bakiza kama laki mbili na nusu za betri mbili, chaja ya nje, kadi na mkanda wa kuelea, kwa sababu bila hivyo kamera hii kileleni na baharini ni nusu kamera.

Sasa kwa nini nakataa za wenzako.

Kamera ya zumu mara 40, tuseme Canon PowerShot SX740 HS, ni nzuri sana ukiwa umekaa ndani ya gari Tarangire na tembo yuko mbali. Lenzi yake inatoka kwenye milimita 24 hadi 960; namba ndogo inaonyesha eneo pana, kubwa inavuta cha mbali. Lakini itazame inapowashwa: lenzi inachomoza vipande vipande kama darubini ya zamani, na ukizima inarudi ndani. Kila inapotoka inavuta hewa, na hewa ya barabara ya vumbi ina vumbi. Chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya vile vipande, injini ndogo inayosukuma lenzi inakwama, skrini inaandika hitilafu ya lenzi, na hapo hakuna cha kufanya nyumbani. Haina kinga ya maji hata kidogo. Kwa maisha uliyoyaeleza haitamaliza mwaka.

Sony RX100 VII ina hoja ya kweli, na ni haki nikueleze unachokikosa. Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Cha TG-6 kina takriban 6.2 kwa 4.6. Eneo la Sony ni mara nne. Kwenye jua la saa nne asubuhi utaiona tofauti ukikuza picha sana, lakini jioni, msituni au ndani ya nyumba utaiona mara moja: TG-6 ikipandishwa ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, kupita 1600 majani yanakuwa kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Ila Sony hiyo ilizinduliwa kwa dola 1,200, haina kinga ya maji wala ya vumbi, na lenzi yake nayo inachomoza. Ili uingie nayo majini inabidi ununue kasha lake. Ricoh GR III ina kihisi kikubwa kuliko hizo na bado inaingia mfukoni, lakini inajulikana kwa vumbi kupenya hadi kwenye kihisi, na kulisafisha kunahitaji fundi kuifungua.

GoPro, ile kamera ndogo ya kufungwa kwenye kofia au baiskeli, kwa kawaida inaingia majini hadi mita 10 bila kasha, inastahimili kuanguka, na kwa video ya baiskeli hakuna kamera ndogo inayoishinda. Kama robo tatu ya unachotaka ni video, rafiki yako yuko sahihi, inunue. Lakini wewe umesema picha. Lenzi yake ni pana na haina zumu, kwa hiyo mwenzako aliyesimama hatua kumi mbele anatoka mdogo kama kidole. Haina flashi, na bila lenzi ya kuongezea haiwezi kukaribia ua au mdudu.

Hapo ndipo TG inapoingia. Lenzi yake yote inatembea ndani, nyuma ya kioo kisichosogea. Hakuna kinachochomoza, kwa hiyo vumbi halina pa kupitia isipokuwa milango miwili midogo: wa chini wenye betri na kadi, na wa pembeni wenye tundu la waya. Inaingia majini hadi mita 15, inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1, uzito wa kilo 100 ukiikandamiza, na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Ina gramu 253 pamoja na betri. Lenzi ni sawa na milimita 25 hadi 100, na inapiga faili ghafi za RAW, ambazo zitakusaidia sana kurudisha rangi za baharini. Tena inakaribia kitu hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Kwenye msitu wa Kilimanjaro kuna ua dogo jekundu na njano linaloitwa Impatiens kilimanjari, ambalo haliko mlima mwingine. Kwa hali ya mikroskopu ya kamera hii utaujaza fremu nzima kwa mdomo wake tu.

Udhaifu wake pia uujue kabla ya kulipa. Haina kitundu cha kuchungulia, ni skrini tu, na skrini hiyo jua la mchana linaishinda. Haikupi nafasi ya kuchagua mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia. Unachagua tundu la lenzi, au unaiweka kwenye hali ya michezo, nayo inaamua. Na zumu yake ina gharama: kwenye milimita 25 tundu ni f/2.0, ukivuta hadi 100 linakuwa f/4.9 (namba ikikua tundu linakuwa dogo), yaani mwanga unaoingia unapungua mara sita. Kukiwa na giza usivute zumu, sogea wewe.

Ukikosa TG kabisa, Pentax WG-90 ya 2023 inafaa kwa mtu wa fedha ndogo. Inaingia majini hadi mita 14, lakini tundu lake linaanzia f/3.5, haina RAW na video yake haifiki 4K. Nikon Coolpix W300 iliingia mita 30 na Panasonic Lumix FT7 mita 31, ila zote zimeacha kutengenezwa na mipira yao ya kuzuia maji inazidi kuzeeka huko zilikowekwa. Na zile kamera zisizo na jina zinazoandikwa megapikseli 48 au 56 kwa bei ya kutupa, ziache. Kihisi chao ni kidogo mno, picha inatanuliwa kwa programu ili namba iwe kubwa.

Tuje kwenye kuikagua TG-6 iliyotumika. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa sababu kamera hii inaweza kuwaka, ikapiga picha safi mbele yako, na bado ikawa imekufa kwa upande wa maji.

Fungua mlango wa betri kwenye mwanga mzuri. Kuna mpira mwembamba unaozunguka. Utazame mzunguko mzima, usiridhike na upande mmoja: uwe laini, usiwe na mkato, usiwe umelala bapa sehemu moja na kuvimba nyingine. Kisha tazama ukingo wa mwili wa kamera ambao mpira huo unaugusa. Ukiona unga mweupe ni chumvi iliyokauka. Ukiona kijani kwenye vile vidole vya shaba vya betri, maji yalishaingia, usiendelee na mazungumzo. Fanya hivyohivyo kwa mlango wa pembeni, maana wenye kamera wengi husahau kuwa upo. Tikisa kila mlango ukiwa umefungwa. Usicheze hata kidogo. Mlango uliolegea bawaba hubana mpira upande mmoja na kuuacha mwingine.

Baada ya hapo toa betri na kadi, weka kipande cha karatasi laini ya chooni mahali pa betri, funga milango yote na vifungio vyake, uizamishe kwenye beseni la maji safi. Mapovu machache yaliyonasa kwenye vifungo yataondoka ukiisugua kwa kidole. Mapovu yanayofuatana kama uzi kutoka mlangoni ni hewa inayotoka, na hewa ikitoka maji yanaingia. Iache nusu saa. Itoe, ikaushe vizuri nje, fungua mlango ukiwa umeelekea chini ili matone ya pembeni yasikudanganye, uitazame karatasi. Ikiwa kavu, nunua. Muuzaji akikataa jaribio hilo, basi bei iwe ya kamera isiyo na kinga ya maji, na usije ukaipeleka Mafia.

Tazama pia kioo cha mbele kwa kukielekeza kwenye taa: ukungu wa ndani au doa la duara ni dalili ya unyevu wa zamani. Na muulize kama iliwahi kuanguka. Mita 2.1 ni jaribio la kiwandani la kuangukia ubao. Haimaanishi mlango utabaki unaziba vilevile baada ya kugonga jiwe. Kila ikianguka vibaya, rudia jaribio la karatasi.

Juu ya kamera kuna kiswichi kimeandikwa LOG. Hicho kinarekodi njia uliyopita kwa GPS, na kinakula betri hata kamera ikiwa imezimwa. Wengi hudhani betri yao imechoka kumbe kiswichi kiliguswa mfukoni. Kizime, ukiwashe tu siku unayotaka ramani ya safari.

Kadi: GB 64 yenye alama ya U3 au V30, za kasi ya kuandika video, inakutosha. Picha ya JPEG pamoja na RAW zinachukua kama MB 20, kwa hiyo unapata takriban picha 3,000. Video ya 4K inakula karibu MB 750 kwa dakika, ni kama dakika 80 tu. Kadi bandia ni nyingi sokoni. Inaonyesha GB 64 lakini ndani ina 8, na picha za baada ya hapo zinapotea bila taarifa. Kabla ya safari ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux, zote ni za bure. Inachukua muda, iache usiku.

Sasa mlango, ambao ndio roho ya kamera hii. Fungua mikono ikiwa mikavu, mahali pasipo na upepo, kamera ikiwa imeelekea chini ili kinachodondoka kidondoke nje. Toa au weka betri. Kabla ya kufunga, pitisha kitambaa cha mikrofaiba kikavu juu ya mpira na juu ya ukingo unaougusa, mzunguko wote. Usitumie pamba wala tishu, zinaacha nyuzi. Unywele mmoja uliolala juu ya mpira unatosha: mpira unaubana lakini pembeni mwa unywele panabaki njia nyembamba, na kwenye kina cha mita 5 maji yanasukuma kwa nusu zaidi ya shinikizo la hewa ya kawaida, yataipata njia hiyo. Funga, sukuma hadi usikie mlio, kisha telezesha kifungio cha pili. Tazama alama ya rangi kwenye kifungio: ikionekana, mlango haujafungwa. Kila mwaka mipira ibadilishwe na fundi wa kampuni hata kama inaonekana mizima. Usiipake mafuta ya kupikia wala Vaseline.

Na dawa ya mbu yenye DEET iweke mbali. Inayeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu mpira. Paka dawa, nawa viganja, ndipo ushike kamera.

Barabara za vumbi ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Ivae kifuani kwa mkanda mfupi au kwenye mfuko wa bega la begi, usiifunge kwenye usukani. Mtikisiko wa muda mrefu unachosha sehemu zinazotuliza picha. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za simu zake zilizofungwa kwenye usukani, na kamera zenye kutuliza picha zina viungo vya aina hiyohiyo. Kioo kikipata vumbi usikifute kikavu kwa fulana, utakikwaruza. Hii ni kamera ya maji: imwagie maji ya chupa vumbi liondoke, kisha ndiyo ufute. Kumpiga mwenzako akipita kwa kasi, tumia hali ya michezo, usimame pembeni, geuka naye huku ukibonyeza mfululizo.

Kilimanjaro kuna mambo mawili: betri na ukungu.

Betri ya lithiamu ikipoa sana inashindwa kutoa umeme wake, kamera inasema imekwisha wakati imejaa. Kiwango cha nyuzi 10 chini ya sifuri ni cha kamera yenyewe, na usiku wa kileleni unaweza kushuka chini ya hapo. Kampuni inasema TG-6 inapiga picha 340 kwa chaji moja, hiyo ni kwenye joto la kawaida. Ukiwa na betri tatu, moja ndani ya kamera na mbili kwenye mfuko wa shati la ndani kabisa, karibu na ngozi, unatosheka safari nzima ya Marangu. Usiku lala nazo ndani ya begi la kulalia. Ile inayodai imekwisha usiitupe kwenye begi, ipashe mwilini nusu saa, mara nyingi inarudi na picha kadhaa. Kamera yenyewe ikae ndani ya koti, itoke tu wakati wa kupiga.

Ukungu unatokana na mahali ulipofungia mlango, jambo ambalo watu hawalifikirii. Ukibadilisha betri Mandara, kambi ya kwanza ya Marangu, kwenye msitu uliojaa unyevu, hewa ile yenye mvuke inafungiwa ndani. Ukifika juu kwenye baridi, mvuke unageuka matone nyuma ya kioo, na huwezi kuufuta. Funga betri mpya kwenye kambi ya pili, Horombo, mchana, mita 3,720, au kambi ya Kibo mita 4,720 kabla ya kulala, hewa ya huko ni kavu. Mnaondoka Kibo kama saa sita usiku, basi betri iwe imejaa tayari, ili usilazimike kufungua mlango Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kwa vidole visivyo na hisia huku vumbi la volkano likipeperuka. Na kama ulilazimika kufungua kileleni, usishangae mlango ukigoma Moshi. Pale Uhuru, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na ukishuka hewa ya nje inaukandamiza mlango. Shikilia taratibu, usichokonoe kwa kisu.

Kwenye barafu kamera inadhani mwanga umezidi na inatia giza, picha inatoka ya kijivu. Ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) +0.7 hadi +1. Jua likichomoza nyuma ya wenzako, washa flashi kwa nguvu hata kama kunaonekana kuna mwanga, wasogee hadi mita 2, sura zao zitaonekana. Ukirudi kwenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa saa nzima ipate joto polepole kabla ya kufungua chochote.

Mafia sasa. Papa potwe huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi karibu Machi, kwa sababu wanafuata chakula, viumbe vidogo vidogo vinavyoelea. Viumbe haohao ndio wanaochafua picha. Ukiwasha flashi, kila chembe kati yako na samaki inang'aa, picha inajaa madoa meupe. Izime kabisa, na pia si vizuri kummulika mnyama. Kaa kwenye milimita 25, usivute zumu, maana kila mita ya maji kati yenu inapunguza ukali wa picha. Muache yeye apite karibu, usimfukuze wala kumgusa. Majini kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja, kwa hiyo samaki unayemwona yuko karibu, kwa kweli yuko mbali kidogo kuliko unavyodhani.

Rangi nyekundu inapotea kwanza, ndani ya mita 5 tu imeshakwisha sehemu kubwa. Tumia hali ya chini ya maji ili kamera irekebishe rangi, na piga RAW pamoja na JPEG. Karibu na uso wa maji saa tano asubuhi, tundu f/2.8 na ISO 200 hadi 400 itakupa kasi ya kutosha. Jua liwe mgongoni kwako.

Usiruke kutoka kwenye boti ukiwa na kamera mkononi. Mita 15 zimepimwa kwenye maji yaliyotulia, na pigo la kuruka linasukuma mlango kwa nguvu ya ghafla. Ingia kwanza, kisha upewe. Mkanda uwe wa kuelea, kwa sababu gramu 253 zinazama moja kwa moja, na ujaribu kwanza kwenye beseni kama kweli unaibeba, mingine ni ya simu nyepesi. Mafuta ya kujikinga na jua yakigusa kioo yanaacha utando ambao majini hautauona, utauona nyumbani kwenye picha zote.

Ukitoka, kamera isikauke na chumvi. Iwe ndani ya chupa pana au ndoo ya maji yasiyo na chumvi hapohapo kwenye boti, milango ikiwa imefungwa, dakika 10 au zaidi, ukibonyeza kila kitufe mara kadhaa ili chumvi iliyojificha chini yake itoke. Kausha kwa kitambaa, iache kivulini, si juani, wala si kwenye dashibodi ya gari. Usifungue mlango mpaka iwe kavu kabisa na mchanga usiwepo. Chaji usiku chumbani kwa chaja ya nje. Ukichajia ndani ya kamera unafungua mlango wa pili bila sababu.

Na ukiona tone ndani ya kioo, au kamera ikijiwasha yenyewe, una dakika chache. Zima, toa betri, toa kadi. Usiiwashe kuona kama bado nzima. Simu yako haikuuawa na maji siku ile, iliuawa na umeme uliopita kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili ulipokuwa unaitumia, ukawa unakula shaba ya ndani taratibu mpaka siku ya tatu. Kama ni maji ya bahari yaliyoingia, suuza sehemu ya betri kwa maji safi, yale ya kuweka kwenye betri za magari ni bora zaidi, kung'uta, iache wazi mbele ya feni siku mbili au ifungie kwenye kopo lenye vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Mchele hauvuti unyevu wa kutosha na unaacha unga kwenye mipira. Kisha mpelekee fundi bila betri, umwambie ni maji ya chumvi na yaliingia saa ngapi.